Kupiga picha za mandhari Usambara: mwongozo kamili wa safari ya siku 7 kutoka Tanga

Safari nyingi za picha Usambara huharibika kabla gari halijatoka Tanga mjini, pale ratiba inapoandikwa. Mtu anataka Amani, Soni, Irente, Magamba, Mlalo na Mtae ndani ya siku 4, kisha anarudi na picha za mchana mweupe zilizopigwa dirishani. Milima hii haitaki mbio. Kanuni inayoshikilia mwongozo huu wote ni moja: kila kituo lala usiku 2, na vituo visizidi 3. Asubuhi ya kwanza unajifunza ukungu unatuama wapi na jua linachomoza nyuma ya kilima gani. Asubuhi ya pili ndiyo ya kupiga.

Hatua ya 1: Njia, ratiba na msafara

Vituo ni Amani katika Usambara ya Mashariki, Lushoto katika Usambara ya Magharibi, na Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ncha ya milima upande wa kaskazini magharibi. Usambara hizi mbili zimetenganishwa na bonde la Lwengera, kwa hiyo njia ya uhakika kwa gari ni kushuka: kutoka Amani rudi Muheza, pita Segera na Korogwe hadi Mombo, ndipo upande tena kilomita 33 kupitia Soni hadi Lushoto. Siku ya kuhama, ukiacha picha za alfajiri, ihesabu kuwa imekwenda. Usiipangie kitu, isipokuwa Soni jioni kama mmewahi.

Siku ya 1 ondokeni Tanga mapema ili mfike Amani kabla ya saa 9 alasiri na mpate muda wa kutembea njia mtakayopita gizani kesho yake. Siku ya 3 hamieni Lushoto, siku ya 5 Mtae, siku ya 7 rudini. Angalia jambo moja hapo: asubuhi ya pili ya kila kituo ndiyo siku ya kuondoka. Mizigo yote ifungwe usiku, ili alfajiri mtoke na kamera tu, mpige hadi saa 2:30 au saa 3, ndipo chai na safari. Wasiofunga mizigo usiku huikosa asubuhi iliyo bora kuliko zote.

Watu 6 wanatosha, na kiongozi mmoja wa picha pamoja na mwongoza njia wa hapohapo. Wakizidi, tripodi (miguu mitatu ya kusimamishia kamera) zinagombania mwamba mmoja na nyayo zinaonekana kwenye picha ya mwenzako. Mwongoza njia usimchague kwa Kiingereza chake. Muulize: wiki hii ukungu umekuwa ukikaa bonde gani, gulio la karibu ni siku gani, na njia ipi imekatika kwa mvua. Akijibu papo hapo, huyo ndiye.

Amani na Magamba ni hifadhi za mazingira asilia zilizo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Amani ilitangazwa mwaka 1997. Viingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na mtandao mlimani hukatika, hivyo shughulikia malipo mkiwa bado Muheza au Lushoto mjini. Mwenye kutaka kurusha droni anahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na ndani ya hifadhi aombe ruhusa ya hifadhi yenyewe pia. Hilo lianze wiki kadhaa kabla.

Hatua ya 2: Mwezi

Chaguo la kwanza ni Juni. Masika imeisha, vumbi limeoshwa, mashamba bado mabichi, na hewa ina uwazi unaokuonyesha safu ya mlima wa tano nyuma ya wa nne. Chaguo la pili ni Januari, baada ya vuli, ingawa mchana joto la tambarare hupandisha utusitusi mapema. Agosti na Septemba barabara ni nzuri lakini tambarare inajaa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na Irente inakuwa ya kijivu. Masika yenyewe, Machi hadi Mei, ina rangi kuliko wakati wowote: udongo mwekundu uliolowa, chai mpya, maji kila korongo. Tatizo ni barabara za udongo za Amani na za kuelekea Mtae, ambazo huteleza vibaya. Kama lazima iwe masika, kodisha gari lililoinuka, linalovuta magurudumu yote manne, na uongeze siku 2 za akiba.

Hatua ya 3: Ujue ukungu, maana ndio unaopiga picha

Usambara ina ukungu wa aina mbili, na asiyezitofautisha anakwenda mahali pasipofaa kila asubuhi.

Aina ya kwanza ni ukungu wa bondeni. Huzaliwa usiku wenye anga tupu na usio na upepo, hasa kama mchana wake mvua ilinyesha. Ardhi inapoa, hewa baridi inateremka kwenye miteremko na kutuama chini kama uji kwenye bakuli. Dalili unaziona saa 4 usiku: nyota zote ziko nje, majani yamelowa umande, moshi wa majiko umelala badala ya kupanda. Ukiziona, weka kengele saa 10:30 alfajiri. Kesho yake unatakiwa kuwa juu ya ukungu, mita 100 au 200 juu ya sakafu ya bonde. Jua likiugusa huanza kuvunjika, saa 1:30 hivi, na kufikia saa 3 mara nyingi umekwisha. Wengi hupiga mfululizo wakati bonde limejaa weupe mtupu, kisha wanafunga begi. Picha yenyewe inakuja baadaye kidogo, pale weupe unapochanika na paa la bati, mstari wa miti ya migrivea na kipande cha shamba la kabichi vinatokea kimoja kimoja. Subiri dakika hizo 20.

Aina ya pili ni wingu la upepo. Kusi ikivuma kutoka baharini, hewa yenye unyevu inagonga mlima, inalazimika kupanda, inapoa na kugeuka wingu linalogubika kilele. Hili halina saa. Linaweza kukaa kutwa. Kupanda juu hakusaidii, utakuwa ndani yake. Hapo achana na mandhari ya mbali, ingia msituni. Msitu siku ya jua ni taabu tupu: mwanga unapenya matawini na kuacha madoa meupe yasiyo na kitu ndani yake. Siku ya wingu madoa hayapo, rangi ya kijani inatulia, na mashina yanafifia moja nyuma ya jingine hadi yapotee. Kwa hiyo wingu likishuka Amani au Magamba, hiyo ndiyo siku ya msitu, si siku ya kulala.

Kwa aina zote mbili, kamera hudanganyika. Inauona weupe, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza hadi uwe wa kijivu. Ongeza mwanga kwa +0.7 hadi +1 kwenye kipimo cha kurekebisha mwanga cha kamera, kisha tazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo: kilima chake kiegemee kulia bila kugusa ukingo.

Hatua ya 4: Saa

Tuko karibu na ikweta, jua letu linapanda karibu wima. Mwanga wa dhahabu ambao nchi za mbali na ikweta unakaa saa nzima na zaidi, kwetu unakwisha baada ya dakika 30 hadi 40. Jua Lushoto huchomoza kati ya saa 12:00 na saa 12:40 asubuhi kutegemea mwezi, na huzama kati ya saa 12:20 na saa 12:50 jioni. Mwanga wa kutosha kuona rangi huanza dakika 20 kabla ya jua. Kwa hiyo tripodi iwe imesimama, fremu imechaguliwa na fokasi imefungwa nusu saa kabla ya kuchomoza. Atakayefika jua likichungulia ameshachelewa, kwa sababu dakika 10 za mwanzo atazimaliza akitafuta kitasa cha tripodi.

Kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri vivuli viko chini ya miguu. Tumia muda huo kula, kulala na kukagua sehemu ya jioni.

Hatua ya 5: Vifaa

Kama una nafasi ya lenzi moja tu, chukua ndefu, inayovuta vya mbali, ya mm 70 hadi 200. Hili huwashangaza wengi, kwani mandhari watu huyafikiria kwa lenzi pana. Lakini uzuri wa Usambara ni safu nyuma ya safu, na lenzi pana inazibana zote ziwe mstari mwembamba katikati ya picha. Lenzi ndefu inazisogeza zikaegemeana. Ile pana, mm 16 hadi 35, iwe ya chai, maporomoko na kingo za miamba.

Tripodi ni lazima. Filta ya polaraiza ni lazima pia, na kazi yake kubwa hapa si kukoleza anga bali kuondoa mng'ao wa maji kwenye majani. Izungushe huku ukitazama jani moja la chai mpaka weupe wake uondoke na kijani kitoke. Kwenye lenzi pana iwe mbali na anga, maana hufanya bluu iwe na mabaka.

Betri 3, kadi mbili au zaidi, pawabanki, tochi ya kichwani, buti zenye meno, koti la mvua, na sweta nzito: Juni na Julai usiku wa Lushoto na Mtae ni baridi ya kweli. Kofia ya plastiki ya kuogea ni koti la mvua la kamera lisilo na mfano. Vitambaa vya kufutia lenzi beba 4, kwa sababu cha kwanza kikilowa kinasambaza maji tu. Faili ghafi (RAW) la kamera ya megapikseli 24 lina takriban MB 25 hadi 30. Picha 400 kwa siku ni karibu GB 12. Kila jioni nakili sehemu mbili, kabla umeme haujakatika.

Mwenye simu naye asikae nyuma. Afute lenzi kwa kitambaa cha pamba kila mara, abonyeze na kushikilia kwenye kioo ili kufunga fokasi na mwanga, ashushe mwanga kidogo kwa ajili ya anga, na asivute picha kwa vidole kupita lenzi alizo nazo. Simu juu ya tripodi ndogo, na kipima muda cha sekunde 3, inatoa picha ya alfajiri ya kuchapishwa ukutani.

Hatua ya 6: Amani

Barabara ya Muheza hadi Amani ina kilomita thelathini na ushee, ya udongo, na baada ya Sigi inapanda kwa kona kali. Kabla ya kupanda, Sigi pana nyumba ya stesheni ya enzi za reli ya Wajerumani, nzuri kwa picha ya mchana wa mawingu.

Alfajiri panda Mbomole, kilima chenye upeo wa msitu na chai pamoja. Piga kwa mm 100 hivi, f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), ukitafuta mahali kingo za chai zilizokatwa sawasawa zinapokutana na msitu usiokatwa. Mpaka huo, mwepesi upande mmoja na mzito upande wa pili, ndio sura ya Amani. Mashamba ya chai yana wenyewe: omba ruhusa ofisini, usikanyage kati ya miche, na usiwazuie wachumaji, ambao hulipwa kwa kilo. Picha ya chai hupendeza mwanga ukitoka ubavuni, saa 1 asubuhi au saa 11 jioni, kila mstari ukitupa kivuli kwenye mwenzake. Saa 6 mchana shamba hilohilo ni zulia la kijani lisilo na mikunjo.

Kwa lenzi pana: ukiwa na mm 24 kwenye kamera ya kihisi kikubwa (full frame), f/11, weka fokasi mita 2 mbele yako, kila kitu kuanzia mita 1 hadi upeoni kitakuwa safi. Wengi huweka fokasi mlimani, na jani la mbele linatoka na ukungu usio wa mbinguni.

Mchana wa wingu mwombe mwongoza njia akuonyeshe dughulushi, maua madogo ya zambarau yanayoota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani huku Tanga, aliyakuta akayapeleka kwao, na leo yamo kwenye vyungu vya madirisha duniani kote. Hapa yako nyumbani kwao, yameshikilia jiwe kwa mizizi isiyozidi kidole. Shusha tripodi hadi usawa wa ua, f/8, na mwenzako akinge mwavuli ili jua lisipenye. Vinyweleo vya jani hushika matone. Mwanga ukitoka nyuma, kila tone linawaka. Usichume, usisafishe mwamba, usihamishe hata jani kavu.

Hatua ya 7: Lushoto

Maporomoko ya Soni yako jirani na barabara. Kasi ya shata kati ya robo sekunde na sekunde 1 inatosha. Zaidi ya hapo maji yanakuwa pamba. Siku moja baada ya mvua kubwa maji huwa rangi ya chai ya maziwa. Hapo piga maji hayo pamoja na mteremko mwekundu, usitafute weupe usiokuwepo.

Irente, kilomita 5 au 6 kutoka mjini, ni ukingo wa jabali unaotazama magharibi kwenye tambarare ya Wamasai, kwa hiyo ni mahali pa jioni. Asubuhi ukingo umo kivulini na tambarare haina umbo. Fika saa 10:30. Kwanza shughulika na kilicho chini: mashamba ya mkonge, zao lililoletwa Tanganyika mwaka 1893, yamepangwa kwa mistari ambayo jua la upande huichora wazi kuanzia saa 11. Tumia mm 200. Kisha geukia anga. Tofauti ya mwanga kati ya anga na bonde ni kubwa kuliko kamera inavyoweza kubeba. Piga picha 3 za fremu ileile, kwa mwanga wa −2, 0 na +2, uziunganishe baadaye. Baada ya jua kuzama kaa dakika 20 zaidi. Sheria za pale ni kali: hakuna kurudi kinyumenyume ukitazama kioo cha kamera, mkanda wa kamera shingoni, tripodi hatua 2 kutoka ukingoni, na kila mtu na tochi yake wakati wa kuondoka.

Magamba iwe ya wingu. Msitu huu una miti mikubwa ya mkulo, na mbega. Mashina yapigwe wima, mm 50 hadi 85, bila anga kabisa kwenye fremu.

Hatua ya 8: Mtae

Njiani mtapita Lukozi, kwenye biashara kubwa ya mboga. Matenga ya nyanya, karoti, kabichi na viazi yakipakiwa kwenye malori yana rangi nyingi kuliko bustani yoyote. Hapa, na mashambani kote, salamu hutangulia kamera. Mchana "onga mshi" ya Kishambaa inafungua mlango, kwa mama mtu mzima, "Shikamoo mama," subiri marahaba, ndipo "Tunaomba kupiga picha ya bonde, na wewe ukiendelea na jembe lako." Akikataa, shukuru, ondoka. Akikubali, muonyeshe picha. Ukiahidi kumletea nakala, andika jina na kijiji, na umpe mwongoza njia aipeleke.

Mtae kijiji kiko mgongoni mwa mlima, upeo ukifunguka pande mbili na tatu, milima ya Upare ng'ambo na tambarare ya Mkomazi chini. Pitieni kwanza ofisi ya kijiji kujitambulisha. Mara nyingi upande huu huwa mkavu kuliko Magamba, hivyo hata mkiacha wingu nyuma msikate tamaa. Kazi ya hapa ni safu: mm 135 hadi 200, jua likiwa mbele kwa pembeni, kila mgongo wa mlima ukiwa mwepesi kuliko ulio mbele yake. Punguza mwanga kwa −0.7 ili mgongo wa karibu uwe kivuli kamili. Upepo wa ukingoni ni mkali: shusha tripodi, ning'iniza begi katikati yake, usiinue nguzo ya kati, na upandishe ISO hadi 400 kuliko kutegemea sekunde nzima.

Hatua ya 9: Kushuka

Kati ya Lushoto na Mombo dereva ashuke kwa gia ndogo. Breki zikianza kunuka, simameni hadi zipoe. Kamera nazo zina shida yake. Zimetoka kwenye baridi, na chini hewa ni ya moto na yenye unyevu, kwa hiyo begi likifunguliwa tu maji yanagandia kwenye kioo na kuingia ndani ya lenzi, na huko ndiko ukuvu unakoanzia, hasa pwani ya Tanga. Fungeni zipu zote mkiwa juu, na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu vikiwa ndani. Mkifika Mombo begi likae kivulini saa nzima, limefungwa, ninyi mkila. Likifunguliwa na lenzi ikiwa kavu, vukeni upande wa mashamba ya mkonge mgeuke nyuma: ukuta wa milima mliokuwa juu yake uko mbele yenu, na saa 11 jioni jua linaupiga usoni.